Gari la Maji na Serikali Inayopiga Makofi

Mwezi Julai 2012, mjini Islamabad, mtu mmoja aitwaye Agha Waqar Ahmad aliwaonyesha wabunge, wanasayansi na wanafunzi gari ambalo, kwa maelezo yake, lilitumia maji badala ya petroli. Hakuwa mtu wa kubezwa kwa kumtazama tu. Alikuwa amesomea uhandisi wa mitambo, na injini iliwaka mbele ya macho ya watu. Waziri wa shirikisho Khursheed Shah, ambaye wizara yake ilikuwa ya mambo ya dini, akawa mtetezi wake mkubwa ndani ya serikali. Baraza la mawaziri likaujadili mradi huo. Watangazaji mashuhuri wa televisheni wakapanda gari na kuzungushwa nalo. Abdul Qadeer Khan, anayekumbukwa nchini humo kama baba wa bomu la nyuklia, alipoulizwa akasema haoni udanganyifu wowote. Wachache walisimama upande wa pili, wakiwamo mwanafizikia Pervez Hoodbhoy na mwanakemia Atta-ur-Rahman, wakasema hadharani jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefaulu kemia angepaswa kulijua. Waliambiwa hawaipendi nchi yao.

Ili tuwatendee haki Wapakistani, tukumbuke hali waliyokuwa nayo. Umeme ulikatika kwa saa nyingi kila siku, watu wakaandamana. Nchi ilikuwa na moja ya makundi makubwa zaidi duniani ya magari yanayotumia gesi asilia, lakini vituo vya gesi vilifungwa siku kadhaa za juma kwa sababu gesi haikutosha. Katika hali hiyo, mtu anayesema kwamba nishati ipo bombani kwako haongei na akili yako pekee, anaongea pia na uchovu wako. Wanasiasa nao walikuwa wamechoka kuulizwa maswali. Gari la maji liliwapa jibu ambalo halikuhitaji bajeti, mitambo ya kufua umeme wala kuwadai wadaiwa sugu.

Zaidi ya miaka kumi imepita na gari hilo halijaingia sokoni. Nalirejea leo kwa sababu biashara ile ile, ikiwa imevaa kanzu ya unyenyekevu, ipo kwenye simu zetu. Siku hizi wauzaji hawasemi kwamba gari litakwenda kwa maji peke yake. Wanasema utafunga karibu na injini chupa ya maji yenye vibamba vya chuma ndani yake, uiunganishe na betri, kisha gesi itakayotoka uielekeze kwenye njia ya hewa ya injini. Malipo ni mara moja tu, wanasema, na mafuta yatapungua kwa theluthi au hata nusu. Hivi karibuni afisa usafirishaji wa halmashauri moja, niliyewahi kumfundisha, aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Kuna muuzaji ameleta andiko la kufunga vifaa hivi kwenye magari yetu saba. Mimi nina mashaka, ila wakubwa wameshavutiwa. Nikatae kwa hoja gani?"

Swali lake si dogo, na ndilo lililonifanya niandike. Mimi si mhandisi, nafundisha sera za umma. Hesabu zilizomo humu nimezipitia na mwenzangu wa uhandisi, na ninaamini mtumishi wa umma yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuzipitia pia. Hilo ni la muhimu, kwa maana afisa yule hahitaji kumwambia mkubwa wake "Mwalimu kasema". Anahitaji hoja inayosimama hata nikiwa sipo.

Tuanze na maji yenyewe. Lugha yetu imetupa bahati: maji na majivu yanakaribiana kwa sauti, na katika suala hili yanakaribiana pia kwa maana. Haidrojeni inapoungua katika oksijeni hutoa joto, na kinachobaki baada ya kuungua ni maji. Maji, basi, ni majivu ya haidrojeni. Nishati iliyokuwamo ilishatoka zamani. Unaweza kuirudisha, kwa kupitisha umeme majini ili haidrojeni na oksijeni vitengane, lakini bei yake haina punguzo. Kilo moja ya maji inapoundwa hutoa takriban megajuli 16, na ukitaka kuyatenganisha utalipa angalau hizo hizo 16. Ukitumia vifaa halisi vyenye upotevu, utalipa zaidi. Hakuna chumvi, magadi, umbo la kibamba wala "mawimbi maalumu" ya umeme yanayoweza kuifuta bei hiyo, kwa sababu bei yenyewe haitokani na kifaa. Inatokana na tofauti iliyopo kati ya maji na vile viwili vilivyoyaunda.

Sasa tuulize umeme huo unatoka wapi. Muuzaji hujibu kwamba unatoka kwenye betri, kana kwamba betri ni chemchemi. Betri ya gari huchajiwa na alteneta, alteneta huzungushwa na injini, na injini hula petroli. Chukua vizio 100 vya nishati ya petroli. Injini ya kawaida hugeuza takriban 30 kuwa nguvu ya mzunguko. Sehemu kubwa ya nyingine hutoka kwa ekzosi na rejeta kama joto. Ukizipeleka zile 30 zote kwenye alteneta, utapata kama 18 za umeme. Ukipitisha umeme huo majini, kiasi cha 12 kitahifadhiwa ndani ya haidrojeni. Haidrojeni hiyo ikirudishwa kuungua ndani ya injini ile ile, utapata pungufu ya vizio 4 vya kuzungusha magurudumu. Umetoa 30 ukarudishiwa 4. Mtu akikufanyia hivyo kwenye mchezo wa upatu, utamwita jina lake halisi.

Kwa bahati nzuri ya wateja, vifaa vingi vinavyouzwa ni vidogo mno kiasi kwamba hasara yake haionekani. Kifaa kinachotoa lita moja ya gesi kwa dakika, kiwango ambacho matangazo hukitaja kwa fahari, kinatoa nishati ya takriban wati 130. Alteneta imetozwa kama wati 200 ili kuizalisha. Gari dogo linalochoma lita sita za petroli kwa saa linatumia nishati ya zaidi ya wati 50,000. Mchango wa chupa ya maji ni kama robo ya asilimia moja ya kinachoungua, na hata huo umelipiwa kwa petroli.

Muuzaji mjanja hufahamu haya yote, naye ana hoja ya akiba. Atasema haidrojeni haiji kama chakula bali kama kiungo: inaifanya petroli iungue yote badala ya kupotea. Hoja hii inastahili kusikilizwa, maana ina chembe ya ukweli. Haidrojeni huungua haraka sana, na watafiti wa injini wameichunguza kwa miongo kadhaa, hasa katika michanganyiko yenye hewa nyingi na mafuta kidogo. Lakini dai lenyewe linahitaji petroli nyingi iwe inatoka bila kuungua, na injini ya kisasa iliyo nzima huchoma karibu yote, takriban asilimia 98. Kilichobaki cha kuokoa ni asilimia mbili hivi. Huwezi kuokoa theluthi kutoka kwenye asilimia mbili. Upotevu mkubwa wa injini ni wa joto, na joto haliokolewi kwa kuongeza kitu kingine kinachoungua.

Vipimo huru vimesema hivyo hivyo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani imepima vifaa zaidi ya 100 vya aina mbalimbali vinavyodaiwa kupunguza mafuta. Vichache sana vilionyesha nafuu, nayo ilikuwa ndogo, na baadhi yake viliongeza uchafuzi wa hewa. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopaa duniani, jarida la Popular Mechanics lilifunga kifaa cha maji kwenye gari na kulipima. Halikupata nafuu yoyote. Mwaka 2009 tume ya biashara ya nchi hiyo iliwafungulia kesi wauzaji wa kifaa kilichoitwa Hydro-Assist Fuel Cell, kilichotangazwa kuongeza umbali wa safari kwa lita ile ile kwa angalau nusu nzima.

"Lakini mbona fulani amefunga na mafuta yamepungua?" Hili ndilo swali gumu zaidi, kwa sababu fulani huyo mara nyingi hasemi uongo. Mtu akishalipia kifaa huanza kutazama mshale wa mafuta kwa makini, na mtu anayetazama mshale hupunguza kukanyaga mafuta. Fundi anayefunga kifaa hubadilisha plagi na kusafisha kichujio cha hewa siku hiyo hiyo, akajaza na upepo kwenye matairi. Msimu wa mvua umekwisha, barabara imekauka. Safari za juma hili hazikuwa za Kariakoo saa kumi na moja jioni. Kila moja ya haya yanaweza kubadili matumizi ya mafuta kuliko chupa ya maji, na yote hutokea pamoja. Na katika ofisi za umma kuna sababu nyingine ambayo nitaitaja kwa heshima zote: mafuta ya gari la ofisi hupungua mara tu mtu anapoanza kuandika kilometa. Nimeona halmashauri zikitafuta teknolojia kwa tatizo ambalo daftari la safari lililojazwa kwa ukweli lingelimaliza ndani ya mwezi mmoja.

Kuna pia jambo la hatari ambalo matangazo huliruka. Baadhi ya vifaa huja na kijisanduku cha umeme cha kudanganya sensa ya oksijeni ili kompyuta ya gari ipunguze petroli inayoingia. Hapo mafuta yanaweza kweli kupungua kwa muda, lakini ni kwa sababu injini inanyimwa chakula, wala maji hayahusiki. Mchanganyiko ukipungua mafuta kupita kiasi joto hupanda, na gharama ya valvu na pistoni zilizoungua inaweza kumeza akiba yote ya mwaka. Gesi yenyewe, haidrojeni na oksijeni zikiwa tayari zimechanganyika, hulipuka kwa cheche ndogo. Na maji yaliyomo kwenye chupa aghalabu yametiwa haidroksidi ya potasi, kemikali inayounguza ngozi na inayoweza kupofusha macho. Kifaa hiki anafungiwa kijana wa bodaboda, chini ya mapaja yake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Dereva wa bajaji aliyeko kwenye mkataba, ambaye lazima apeleke hesabu kwa tajiri kila jioni, anapata riziki yake katika ule mwanya mdogo unaobaki baada ya hesabu na mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, mwanya huo hupanuka au husinyaa bila yeye kuulizwa. Mwaka 2022, bei ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mtu aliyebanwa namna hiyo akinunua chupa ya matumaini, sitamwita mjinga. Ninayemlaumu ni yule mwenye shahada, mshahara na ofisi, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali kabla fedha haijatoka, naye akapiga makofi.

Nimeshaambiwa zaidi ya mara moja kwamba kutilia shaka vifaa hivi ni kuwafanyia kazi wenye visima. Makampuni ya mafuta, husemwa, yameuzima ugunduzi huu na kumuua mgunduzi wake. Anayekusudiwa huwa ni Stanley Meyer wa jimbo la Ohio, Marekani, aliyedai kuwa na gari la maji tangu miaka ya 1980. Habari zake ziko wazi. Mwaka 1996 wawekezaji wawili walimshtaki. Mashahidi wataalamu wakakikagua kifaa chake na kukuta ni utenganishaji wa maji wa kawaida, usio na jambo lolote jipya. Mahakama ikaamua kwamba alifanya udanganyifu mkubwa na ikaamuru arudishe dola 25,000. Alifariki mwaka 1998, na mchunguzi wa vifo akabaini kwamba mshipa wa damu ulipasuka kwenye ubongo. Hati zake za hataza zimeshakwisha muda, kwa hiyo mtu yeyote leo, hapa au Beijing, anaweza kukitengeneza kifaa chake bila kuomba ruhusa. Japani huagiza karibu mafuta yake yote kutoka nje. China ni mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani. Nchi hizo zina kila sababu ya kuwakomoa wenye visima, na zina wahandisi kwa maelfu. Ingekuwa ajabu ziitupe siri ambayo tayari inauzwa kwa sisi kwenye WhatsApp.

Shutuma ya pili inaniuma zaidi: kwamba sisi wasomi tumefundishwa kuamini kwamba Mwafrika hawezi kugundua kitu. Nalielewa chimbuko lake, na mara nyingine lina haki. Lakini tunao mfano wetu wa nyumbani, nao unahusu maji. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba, akitengeneza aiskrimu shuleni Magamba, aliona mchanganyiko wa moto ukiganda kabla ya ule uliokwisha kupoa. Walimu walimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, wala hakumsadiki. Alirudi maabara, jaribio likafanyika, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa sababu gani, lakini wanabishana kwa kupima maji, na jina linalotajwa maabara zote hizo ni la Mtanzania.

Wauzaji wa chupa hupenda kujifananisha na Mpemba, kwa kuwa wote walichekwa. Tofauti yao iko baada ya kicheko. Mpemba alitaka watu wengine warudie alichokifanya, kwa vyombo vyao wenyewe, bila yeye kuwapo, na hakuomba senti. Agha Waqar alitaka gari litazamwe. Mwaka 2007, huko Chinhoyi, Zimbabwe, mganga Rotina Mavhunga aliyedai dizeli safi inatoka mwambani alitaka mawaziri watazame pia. Wakaenda, wakatazama, na baadhi yao wakarudi wameamini. Kisa hicho kikaishia mahakamani. Kutazama ni kazi ya watazamaji wa kiinimacho. Serikali inapaswa kupima.

Kwa hiyo nilimjibu afisa yule kwamba asikatae, bali akubali kwa masharti, maana kukataa kungemgeuza yeye kuwa tatizo. Achague gari moja kati ya yale saba, alipeleke likafanyiwe matengenezo ya kawaida kwanza, ili plagi mpya zisije kuhesabiwa kama muujiza. Barabara iwe moja, dereva mmoja, mzigo mmoja, upepo wa matairi ule ule. Mafuta yapimwe kwa chombo, yasikadiriwe kwa mshale. Safari kumi kifaa kikiwa kimewashwa na kumi kikiwa kimezimwa, kwa mpangilio ambao dereva haujui, na swichi iwe mikononi mwa mtu asiye na maslahi. Asiwepo fundi wa muuzaji. Sensa za gari zisiguswe. Na malipo yafanyike baada ya matokeo, si kabla. Muuzaji mwenye kitu cha kweli angeyapokea masharti haya kwa furaha, kwa sababu angetoka na cheti ambacho kila halmashauri nchini ingekiheshimu. Alipoyapelekewa huyu, alisema teknolojia yake "haifanyi kazi katika mazingira ya mashaka". Andiko bado liko mezani kwa wakubwa, na afisa anasubiri.

Wapo watakaoniuliza nini basi kinapunguza gharama ya mafuta. Mengi, na hakuna hata moja la kusisimua. Matairi yenye upepo sahihi, mwendo wa wastani, gari lisilobebeshwa mzigo wa bure. Kwa Dar es Salaam lipo pia jambo kubwa zaidi: gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikifika jijini tangu mwaka 2004, na magari na bajaji zilizobadilishwa mfumo zinaitumia ikiwa imeshindiliwa kwenye mitungi. Kufunga mfumo huo ni ghali na foleni vituoni ni ndefu, lakini gesi hiyo ni nishati halisi iliyochimbwa ardhini, na nafuu yake dereva anaihesabu mfukoni. Kila shilingi ya umma inayokwenda kwenye chupa za maji ingeweza kupunguza foleni hiyo.

Upo pia wajibu usio wa madereva wala wa maafisa usafirishaji. Tume ya Ushindani ipo ili kumlinda mlaji dhidi ya matangazo ya uongo, na Shirika la Viwango lina jukumu la kupima bidhaa. Kwa pamoja zinaweza kudai jambo moja jepesi: anayetangaza kwamba kifaa chake kinapunguza mafuta kwa asilimia fulani aweke hadharani matokeo ya kipimo kilichofanywa na maabara isiyo yake, kabla ya kuuza kifaa cha kwanza. Wanafunzi wa sheria wanaosoma hapa wanaweza kuandika barua ya kudai hivyo juma hili, na wenzao wa uhandisi wana vyombo vya kutosha kufanya kipimo cha kwanza wenyewe.